Wakuu, modeli ya kwanza ya boti ya mbao nianze na ipi? Nina nafasi ya boksi moja tu

MhasibuTabata
Wakuu habari za jioni. Kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, nikirudi nyumbani nakutana tena na simu, sasa nimechoka nataka kitu cha kufanya kwa mikono. Nimekuwa naangalia sana vidio za wale jamaa wanaounda meli ndogo za mbao za kuweka sebuleni, unanunua boksi, ndani kuna vipande vyote na ramani, unaunganisha mwenyewe. Nimeipenda mno HMS Victory ile meli ya kivita ya Nelson, amirali wa Uingereza, kila nikifungua YouTube naletewa hiyo hiyo. Shemeji yangu yupo Birmingham, anakuja mwezi wa 12, kasema atanibebea boksi moja tu na lisizidi kilo tano. Sijawahi kuunganisha kitu chochote zaidi ya meza ya TV na yenyewe inayumba. Je kwa mtu mbichi kabisa Victory inawezekana au nachekesha? Kama haiwezekani basi nianze na nini? Hela ipo ila si ya kutupa. Mawazo yote nakaribisha, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

Pwaguzi2
Siti ya mbele, nafuatilia

fundi_msasa
Mkuu kwanza hongera kwa kutafuta cha kufanya. Pili, achana na Victory, na sisemi hivyo kukuvunja moyo. Ile meli iliingia majini 1765, ina mizinga 104, milingoti mitatu, na kamba za meli halisi zinafika kama kilomita 42. Modeli haina kilomita 42 lakini ina mafundo, na hayo mafundo unayafunga wewe kwa kibano, moja moja, zile ngazi za kamba wanazopandia mabaharia peke yake ni maelfu ya mafundo na yote yanatakiwa yafanane. Mizinga nayo, seti nyingi zinakusaidia kwa kukuwekea midomo tu kwa ile ya sitaha za chini, ila ya juu kila mmoja una kigari chake na magurudumu manne. Wazoefu wanaikalia miaka. Ingia eBay uangalie Victory zinazouzwa zikiwa zimeanzwa halafu zikaachwa, bodi limefika nusu mwenyewe kakimbia.

Mimi msimamo wangu ni huu na siubadilishi: anayeanza achukue chombo KIDOGO kwenye skeli KUBWA. Watu wengi wanafanya kinyume, wanachukua meli kubwa kwenye skeli ndogo, matokeo yake kila kipande kina ukubwa wa punje ya mchele na hujui hata umeshika nini. Skeli 1:24 maana yake sentimita moja ya modeli ni sentimita 24 za boti halisi, kwahiyo boti la mita 5 linatoka kama sentimita 21, unalishika vizuri mkononi, mbao unaziona, ukiweka kitu vibaya unaona ni wapi na unabandua unarudia.

Ningekuwa mimi ndo wewe ningechukua Lowell Grand Banks Dory ya Model Shipways, wale wa Marekani. Wana mfululizo wa boti tatu za skeli kubwa, unaanza na hiyo dory ya 1:24, inafuata Norwegian Sailing Pram, ya mwisho Muscongus Bay Lobster Smack, zimepangwa makusudi kufundisha, kila moja inakuongezea ugumu kidogo. Maelekezo yake kaandika David Antscherl, huyo mzee kwenye hii fani anaheshimika sana na anakueleza KWA NINI unafanya kitu, sio fanya hivi fanya vile tu. Dory yenyewe ni boti waliyokuwa wanavulia kule Grand Banks upande wa Kanada, viti vyake vinachomoka ili ziingiane moja ndani ya nyingine kama sufuria za dukani juu ya sitaha ya meli mama. Karakana ya Lowell pale Amesbury, Massachusetts, ipo toka 1793. Hakuna mizinga, hakuna ngazi za kamba, tako lake bapa, ubavu mbao chache pana ambazo zimeshakatwa na leza kwa umbo lake.

MhasibuTabata
Mkuu fundi_msasa nashukuru lakini nimeigugo hiyo dory, kusema ukweli ni kama mtumbwi tu wa kuvukia mto.. wife ataniuliza hela yote hii ndo umeleta hiki??

mzee_wa_kukaza
Mtu mzima na boti za watoto. Tafuta hela ndugu yangu acha mchezo

dada_wa_Chumbageni
mzee_wa_kukaza ungejua usingesema. Karne ya 17 navy ya Uingereza ilikuwa inatengenezewa modeli za meli zake, na nyingi zipo makumbusho mpaka leo. Na hapa kwetu, mtepe, kile chombo kilichokuwa kinashonwa kwa kamba za nazi badala ya misumari, hakuna hata kimoja kilichobaki kizima, sehemu kubwa ya tunachojua jinsi kilivyokaa kinatokana na picha za zamani, maandishi ya watu waliokiona na MODELI zilizotengenezwa na mafundi wa pwani wakati vipo. Hata ile replika iliyowekwa Beit el Ajaib Zanzibar ilibidi watu wakae chini waunganishe hizo habari. Kwahiyo hizo boti za watoto ndo zimetunza hiyo habari.

MhasibuTabata nakuja kwako baadaye, nina la kusema kuhusu dory.

kijana_wa_Matondoni
Salaam. Mimi ni wa Lamu na nyinyi mwanichekesha kidogo, mtu yuko Dar, bahari iko pale Feri, ngalawa zimejaa, halafu ataka kubebewa boksi kutoka Ulaya lenye boti la Kanada. Hapa kwetu watoto waunda vidau kwa ndala zilizokatika na mfuko wa plastiki ndio tanga na vyaenda mbio kushinda hivyo vyenu vya sebuleni. Chukua mti mwepesi, chonga ngalawa, weka mirengu yake ya pembeni, tia tanga, kwisha. Ngalawa yenyewe ya kweli ni gogo la mwembe limechongwa, si kitu cha kununua maelekezo.

Halafu jingine, hizo seti zaanza na mataruma, yaani mbavu, kisha ndio wapigilia mbao juu. Mafundi wa majahazi tangu jadi huweka mkuku, ule uti wa chini, wakasimamisha omo na tezi, yaani mbele na nyuma, wakapanda na mbao kwanza, mataruma yaja baadae kufuata mbao. Na ramani hakuna, ni jicho. Sasa mtu akimaliza boksi lake asidhani jahazi laundwa vile.

dada_wa_Chumbageni
Kaka wa Matondoni hapo kwenye mataruma umenena na nakuunga mkono mia kwa mia, na mimi mwenyewe naunda ngalawa na mashua ndogo bila boksi. Ila jicho unalolisema limepatikana kwa kukaa karakanani toka utotoni, mhasibu wa Tabata jicho hilo hana, atalitoa wapi? Boksi linamkopesha jicho la mtu mwingine. Mataruma yameshakatwa, akiyapanga sawa umbo linakuja lenyewe, yeye anabaki na kazi ya kujifunza mbao inavyopinda, gundi inavyokauka, msasa unavyokula. Akishamaliza moja ndo aje kwenye ngalawa yako, na ngalawa usiidharau, ule mtumbwi wa kuchonga ukizidisha patasi milimita mbili umetoboa na gogo huwezi kulirudisha.

Sasa dory. Mhasibu unasema ni mtumbwi tu. Usiangalie picha iliyoko kwenye boksi, ingia Model Ship World, jukwaa la mtandaoni la waunda modeli, utafute kumbukumbu za waliounda hiyo hiyo, watu wanapost hatua kwa hatua na picha, na hii nawaambia wote mnaosoma uzi huu, KABLA ya kununua boksi lolote tafuta angalau kumbukumbu mbili tatu za walioliunda mpaka mwisho. Ukikuta kumbukumbu nyingi zimeishia katikati tena zote zimeishia hatua ile ile, hilo boksi lina tatizo lake. Ukikuta hakuna hata moja, kimbia. Mle utaona dory ikiwa na makasia, ndoo, viti, rangi yake, inapendeza kuliko Victory ambayo kamba zimelegea na sitaha imejaa gundi.

BwanaSpidi
Wakuu mbona mnamfundisha mtu kuweka vumbi sebuleni? Nunua ya rimoti! DragonForce 65 ya Joysway, bodi milimita 650, ina servo (vimota vya kuvuta) mbili tu, moja ya tanga moja ya usukani, haina injini haina mafuta, upepo tu. Unaiunganisha jioni moja mbili unaenda majini. Mbao mbao mpaka lini

fundi_msasa
BwanaSpidi DF65 ni nzuri na kwa anayetaka kucheza majini naisifu, duniani kuna watu wengi wanashindana nayo kwa sababu zote ni sawa anayeshinda ni mwenye akili ya upepo. Lakini jamaa kaomba kazi ya mikono. DF65 kuunganisha ni kazi ndogo, raha yake ipo kwenye kuiendesha. Halafu Dar ataiendeshea wapi? Baharini mawimbi yanaizidi, na maji ya chumvi kila ukitoka lazima uisuuze kwa maji baridi na kukausha servo la sivyo kutu inaanza pale pale. Atabaki na swimingi puli ya hoteli na mlinzi anamwangalia.

Mwanza_Rock
Ziwa lipo aje Mwanza, chumvi hakuna. Ila awe tayari kumwomba kiboko amrudishie boti 😂

mbebaboksi_Leicester
Nimeona uzi nikacheka, mtu anatafuta mbeba boksi, tupo 😀 Mimi nipo huku na hii hobi naifanya kipindi cha baridi maana nje hakuna pa kwenda. Niongeze mambo mawili matatu.

Kwa kuwa shemeji yako yupo Uingereza angalia pia Vanguard Models, ni kampuni ya huku huku ya Chris Watton, ana boti za uvuvi za Scotland, Lady Isabella na Lady Eleanor, skeli 1:64. Hiyo Isabella ni aina inaitwa Zulu, ya kwanza iliundwa 1879 ndo mwaka wa vita ya Waingereza na Wazulu, jina likatokea hapo. Ina milingoti miwili, na tanga lake linaning'inia kwenye foromali, ule mti wa kushikia tanga, mtu wa pwani ukiliona hutalishangaa sana. Maelekezo yake ni ya picha za rangi na yameshiba. Inawekwa mbao mara mbili, tabaka la kwanza la mbao laini ambalo hata ukiharibu unaziba unapiga msasa, halafu tabaka la pili jembamba ndo linaloonekana, kwahiyo ule wa kwanza ni wa kujifunzia na hakuna atakayeuona. Kwa wife nadhani hii itapita, inaonekana meli.

Kuhusu begi sasa. Mwambie shemeji ASIBEBE rangi za kopo za enameli wala rangi za kupuliza, zinawaka moto, uwanjani watazitoa. Visu na blade viende kwenye begi kubwa sio la mkononi. Betri za LiPo, zile za kuchaji za vyombo vya rimoti, kama ungefuata ushauri wa BwanaSpidi, hizo kinyume chake, za akiba zinakaa begi la mkononi. Boksi lenyewe la mbao halina shida, ila ziko meli zina boksi refu haliingii kwenye begi la kawaida, apime kwanza. Na kama boksi limetoboka atoe vipande avifunge kwenye nguo, zile mbao bapa zenye vipande vilivyokatwa na leza zikipigwa kona ndo mataruma yanavunjika.

MhasibuTabata
Nimeisoma hiyo Lady Isabella.. hapo sasa mmenichanganya vizuri. Wakuu na hizi nyingine za bei chee kule AliExpress vipi? Nimeona inaitwa Halcon 1840 bei yake ni ya kuku wawili

fundi_msasa
Halcon imejaa kila mahali na imewapa watu wengi tamaa ya kuanza, hilo nalikubali. Tatizo ni 1:100, rudi kwenye kanuni yangu ya juu. Na zipo nyingine kule ni ramani za watu zimeibiwa, wanakopi kwa skana wanakata kwenye plaiwudi ya hovyo, vipande havikai, maelekezo kurasa mbili hazisomeki. Ukiona meli ya dola mia tatu inauzwa dola arobaini jiulize mchoraji kalipwa na nani. Model Ship World hizo za wizi hawaruhusu hata kuzijadili.

Mswahili_wa_Muscat
Assalaam alaykum. Mimi nipo Oman, nimefuatilia toka mwanzo. Hakuna aliyemtajia Artesania Latina, wale Waspania, wana seti ya jahazi la Kiarabu inaitwa Sultan na wanaiweka upande wa wanaoanza. Kwa sisi watu wa bahari hii naona ni bora kuliko boti la Scotland au la Kanada. Tanga la jahazi lina kamba chache, una henza ya kupandishia foromali, una demani ya kuvutia tanga, na kamba chache za kushikilia mlingoti, basi, linganisha na meli ya milingoti mitatu. Ushauri wangu kama ataichukua asikubali kila kitu cha kwenye boksi, atafute picha za chombo cha kweli afuate hizo. Kule Sur kuna Fatah al-Khair, jahazi kubwa la aina ya ghanja limehifadhiwa, picha zake zimejaa mtandaoni, na Sur kuna mafundi mpaka leo na modeli wanauza. Mzee wangu alikuja Zanzibar kwa jahazi na msimu wa kaskazi, kwahiyo hili kwangu lina uzito wake.

kijana_wa_Matondoni
Sultan nimeiona picha. Si jahazi la Lamu, lakini heri hiyo. Foromali lake alitie mafundo vizuri, picha nyingi za hizo seti tanga limewambwa kama shuka kwenye kamba, tanga lataka tumbo!!

Samahani dada wa Chumbageni, umesema ukweli lile la jicho. Lakini nashikilia pale pale, akimaliza boksi aunde ngalawa.

dada_wa_Chumbageni
Tumekubaliana basi 😄

Sultan tatizo langu ni moja, na ni la mtu anayeanza sio la jahazi. Bodi la jahazi lina tumbo, halafu linabanwa kuelekea omo, hapo ndo mbao zinakugombeza. Naomba nieleze hili taratibu maana ndo sehemu inayowashinda watu wengi, wanadhani kamba ndo ngumu kumbe waliachia kwenye mbao.

Chukua kipande cha karatasi, kizungushe kwenye taruma la katikati toka mkuku mpaka juu, weka alama. Fanya hivyo hivyo taruma la karibu na omo. Utaona kule mbele karatasi ni fupi sana kuliko katikati, pengine nusu. Lakini idadi ya mbao ni ile ile, zinazoanza katikati ndo zinazofika mbele, kwahiyo lazima kila mbao ikonde inapokwenda omo. Ukipima kila taruma, ukagawa kwa idadi ya mbao, unapata upana wa mbao mahali hapo, unaweka alama kwenye mataruma YOTE kabla hujagusa gundi. Anayeanza hafanyi hivyo, anabandika mbao nzima nzima za upana mmoja, zikifika mbele zinapandana zinajikunja, ndo unaona anajaza na vipande vya pembe tatu.

Kabla ya hapo mataruma yenyewe uyapige msasa yawe na mlalo. Bandika msasa kwenye kijiti kirefu kinachogusa mataruma matatu manne kwa pamoja, usipige taruma moja moja, ukipiga moja moja unatengeneza mashimo, mbao ikilala inaonyesha mbavu kama ng'ombe wa kiangazi. Mbao unailoweka maji, unaikunja kwa joto, pasi ya nguo inatosha, iache ikauke na umbo lake ndo uibandike, mbao isiyokunjwa vizuri ukiilazimisha na gundi itakuja kuachia usiku umelala. Na usimalize upande mmoja, weka kulia moja kushoto moja, la sivyo mkuku unavutwa unapinda na hapo hakuna dawa.

Sasa rudi kwenye dory, mbao zimeshakatwa umbo. Hayo mahesabu yote mtu kakufanyia. Unajifunza kukunja, kubana na kubandika bila kugombana na hesabu, halafu boti ya pili ndo unakuja kwenye hesabu. Lady Isabella itakupa hesabu hiyo lakini ina tabaka la kujificha. Sultan na hizo nyingine ziwe za baadae. Mwenye kutaka kufanya zoezi la mbao tu, wale Nautical Research Guild, chama cha Marekani cha waunda modeli za meli, wana nusu bodi ya kujifunzia, upande mmoja tu wa meli, hapo unapiga mbao mpaka unajua.

comrade_wa_KM
Kwa sisi wanafunzi ambao hela hakuna, kuna modeli za karatasi, zingine ni bure kabisa unadownload PDF unaprint kwenye manila ya gramu 160 mpaka 200, stationery yoyote ya hapa Nairobi wanakuprintia, unahitaji mkasi wembe gundi na rula. Meli za karatasi wanazifanya sana Wajerumani na Wapoland. Nimeanza hivyo sioni aibu. Na uagizaji wa boksi kwa posta msisahau ushuru, na huku Kenya VAT asilimia 16 juu yake

mbebaboksi_Leicester
Comrade umesema kitu cha maana. Mhasibu fanya ya karatasi moja wakati unamsubiri shemeji. Ukiona umeichoka katikati, basi umeokoa hela ya boksi.

MhasibuTabata
Aisee uzi umekuwa darasa. Vifaa je? Kuna boksi nimeona wanaandika vifaa havimo, nikaona tena seti ya vifaa inauzwa bei karibu na boti yenyewe

fundi_msasa
Hiyo seti ya vifaa usinunue. Utatumia vitano, vilivyobaki vitaota kutu. Agiza kwa shemeji kisu kizuri chenye blade za ncha, zile namba 11, pakti nzima maana blade butu ndo inayokukata kidole sio kali, na kidrili cha mkono cha kuzungusha kwa vidole chenye sindano za nusu milimita mpaka milimita mbili. Vingine vyote Kariakoo. Rula ya chuma. Msasa 120, 220, 320 na 400. Vibanio vya nguo vya mbao, nunua vingi, vingine uvigeuze ile springi vinabana vizuri zaidi. Kibano cha nyusi cha wife (muombe kwanza). Vijiti vya mishikaki ni milingoti na foromali za bure, ni mwanzi haivunjiki hovyo. Gundi nyeupe ya mbao ndo gundi yako kuu, supa gluu ni ya dharura tu na dirisha liwe wazi maana mvuke wake unachoma macho. Supa gluu ikae frijini, kwa joto la Dar chupa iliyofunguliwa inaganda upesi.

Uzi wa cherehani wa pamba una manyoya, upitishe kwenye mshumaa yanalala. Ukija kuwa na tanga, kitambaa cheupe pe hakipendezi, chovya kwenye chai ya rangi, kausha, kinatoka rangi ya tanga lililofanya kazi.

Na unyevu. Dar sio Birmingham. Ukifungua boksi zile bapa za plaiwudi zitapinda ndani ya wiki, zihifadhi zimelazwa bapa chini ya vitabu vizito, usiziegemeze ukutani. Ikishapinda unailowesha unaibana kwenye meza inanyooka, ila mkuku ukipinda bora uhakikishe umenyooka KABLA ya kuweka taruma lolote.

Pwaguzi2
Nimetoka siti ya mbele nimekuja kununua msasa 😂😂 endeleeni

mzee_wa_kukaza
Sawa nimesoma yote.. hiyo ya karatasi linki iko wapi

comrade_wa_KM
mzee_wa_kukaza cheki inbox yako 😂

BwanaSpidi
Mi bado nasimama na rimoti ila hiyo ya karatasi kwa hesabu ya hela sawa

MhasibuTabata
Wakuu nimeamua. Nimelala nayo nimeamka nayo. Naanza na dory, wife nimemuonyesha zile kumbukumbu za kule Model Ship World akasema hiyo yenye ndoo na makasia ni nzuri, kumbe shida ilikuwa picha ya boksi. Model Shipways wanao wauzaji Ulaya, shemeji kashaagiza, boksi ni dogo anasema hata kilo moja nadhani halifiki, kwahiyo nimemuongezea blade na kidrili. Lady Isabella nikimaliza, nitatafuta mbeba boksi mwingine (Leicester jiandae). Victory nimeiweka pembeni. Kijana wa Matondoni, mti wa ngalawa nishaanza kuulizia usinune.

Swali la mwisho, kwenye hizo kumbukumbu naona vipande vya leza kingo zake nyeusi zimeungua, hilo jeusi linatolewa au linaachwa? Na rangi napaka kabla ya kubandika au baada?

dada_wa_Chumbageni
Jeusi ni masizi ya leza, gundi haishiki vizuri juu yake. Toa kwa msasa 320 taratibu, unafuta jeusi tu usile mbao, maana kipande kimekatwa kwa kipimo, ukikonda nusu milimita kila upande mbao zitaacha mwanya. Kingo zitakazofichwa ndani unaweza kuacha, zinazogusana na zinazoonekana toa. Na mistari ya leza ya kuonyesha mbao inapandia wapi usiifute mpaka umeshabandika.

fundi_msasa
Rangi inategemea. Kama unataka mbao ionekane na unapaka staini, paka KABLA ya kubandika, kwa sababu gundi iliyomwagika ikikauka staini haiingii hapo, unabaki na mabaka meupe na hayatoki. Acha sehemu za kugusana bila staini, zifunike na utepe wa karatasi. Kama unapaka rangi ya kufunika kama zile dory za njano, bandika kwanza, msasa 400, tabaka jembamba la rangi ya maji, acha likauke, msasa tena, tabaka jingine. Tabaka tatu nyembamba, sio moja nene. Boksi likifika fungua hesabu vipande vyote ulinganishe na orodha kabla shemeji hajaondoka, kikikosekana kimoja wauzaji wengi wanakutumia, ila arudi na namba ya risiti.

kijana_wa_Matondoni
Mwembe, bwana. Na uwe umekauka, usije ukachonga mti mbichi ukapasuka.